Mipira ya kuvuta ya mazoezi au kamba za TRX: kipi ununue kama unataka kujua unabeba uzito kiasi gani

Dumbeli ikiandikwa kilo 10 ni kilo 10, imeisha hiyo. Mpira hauko hivyo, na kamba za kuning'inia ndo hazina namba kabisa, matokeo yake mtu anachagua kwa rangi na bei, anapiga tizi miezi miwili, halafu hajui kama nguvu imepanda au mpira ndo umelegea. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa kigezo kimoja tu, kipi kinakuwezesha kupima makali ya zoezi.

Namba moja: kamba za kuning'inia, zile ambazo wote tunaziita TRX hata kama kampuni ni nyingine. Randy Hetrick, komando wa jeshi la majini la Marekani, aliunga ya kwanza mwaka 1997 kwa mkanda wa jiu-jitsu na utepe wa parachuti, na mpaka leo kitu ni kilekile, mkanda usiovutika na uzito wa mwili wako. Kwa sababu mkanda hauvutiki, kinachobadilisha mzigo ni jinsi mwili ulivyolala. Kadiri miguu inavyosogea chini ya pale ulipofunga, ndivyo mwili unavyolala na mzigo unavyopanda, iwe unavuta mgongo huku umeitazama kamba au unasukuma kifua huku umeipa mgongo. Bandika selotepu sakafuni kila baada ya unyayo mmoja, zipe namba, urefu wa kamba usiuguse tena. Ukivuta mara 12 kwenye mstari wa tatu leo na mwezi ujao ukavuta mara 15 palepale, hiyo ni nguvu yako kweli, labda tu uwe umepungua kilo, maana mwili ukipungua na mzigo unapungua.

Dukani kagua mishono kwanza, kisha kifungo cha kurekebishia urefu, kivute kwa nguvu uone kama kinateleza. Nyumbani funga kwenye mlango unaofungukia upande wa pili, ili ukivuta uwe unaufunga, na milango ya plaiwudi ya vyumba vya kupanga jamani msiijaribu kabisa, tafuta boriti au tawi nene la mti. Shida yake ni miguu tu, skwati za TRX ni nyepesi mno kwa mtu mwenye nguvu.

Namba mbili: mipira mirefu ya duara, ile ya sentimita 104 hivi. Hapa uangalie upana, rangi achana nayo, maana rangi haina sheria ya pamoja. Mpira mwekundu wa duara wenye upana wa milimita 13 mara nyingi umeandikwa paundi 15 mpaka 35, yaani kama kilo 7 mpaka 16, wakati mwekundu wa kampuni ya TheraBand, ule bapa, ni kilo 1.7 tu ukivutwa mara mbili ya urefu wake. Rangi moja, vitu viwili tofauti kabisa! Halafu hiyo "15 mpaka 35" yenyewe inategemea umeuvuta mpaka wapi, mpira unaanza mwepesi na kuwa mzito kadiri unavyonyooka. Dawa yake ni mizani ndogo ya kupimia mabegi ya safari, ile yenye ndoano. Kanyaga mpira, ingiza ndoano, vuta mpaka magotini soma, mpaka kiunoni soma, mpaka mabegani soma, andika kwenye simu. Baada ya hapo mpira wako una namba kama dumbeli na hakuna muuzaji wa kukubabaisha.

Namba tatu ni seti za tyubu za mpira zenye vishikio. Zinajumlishika, ya paundi 10 na ya 20 unazifunga pamoja, hilo ni zuri, ila ile "paundi 150" kwenye boksi ni jumla ya tyubu zote zikivutwa mpaka mwisho, na zinapenda kukatika pale kwenye kiungo cha kishikio. Kagua hapo kila siku, ikichomoka inakuja usoni.

Namba nne, mipira bapa ya TheraBand. Kwa mzazi wako au mtu anayetoka kwenye jeraha naipandisha iwe ya kwanza kabisa, kampuni imetoa jedwali la uzito kwa kila rangi. Kwa kijana wa jimu ni laini.

Vile vipira vidogo vya kuvaa mapajani viwe nyongeza tu.

Sasa ukishanunua, kipimo cha kila siku ni swali moja, seti, yaani mfululizo mmoja bila kupumzika, ikiisha jiulize zilikuwa zimebaki mara ngapi za kurudia kabla ya kushindwa kabisa. Zikibaki mbili au tatu, makali yako ni kama 7 au 8 kwa 10, panatosha. Zikibaki sita, sogea mstari au badilisha mpira. Hesabu zile zilizofika mwisho wa mvuto tu, maana mpira unakuwa mzito zaidi mwishoni na hapo ndo watu wanafupisha. Kwenye TRX kiuno kikianza kuning'inia seti imeisha, hata kama mikono bado inataka.

Saa ya mapigo ya moyo isikuchanganye, inafaa ukikimbia, ila ukikaza ngumi kwenye kishikio hata usomaji wake unayumba. Na wanaotumia dawa za presha kama atenolol au bisoprolol, hizo zinashusha mapigo, msitumie saa kupima makali, tumieni pumzi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba uko kati, ukishindwa kumaliza sentensi uko juu.

Mipira ya lateksi usiiache juani wala usiipake mafuta. Kila baada ya miezi michache irudishe kwenye mizani, pale kiunoni palipokuwa panasoma kilo 12 pakisoma 9, nunua mwingine.