Zimamoto 114: rivyu yangu baada ya moto wa mtaani kwetu

Huduma: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Bei: kupiga simu ni bure, hata kama huna salio. Nyota: tano kwa watu wenyewe, bila kupepesa macho. Kuhusu vituo na sehemu za kuchotea maji nina maneno, ntayasema huko mbele, ila hizo nyota tano za watu sizirudishi.

Naandika kwa sababu nimechoka kusikia mambo mawili tu kila zimamoto wakitajwa, "wamechelewa" na "wamekuja bila maji". Yani mtu hajawahi kuwapigia, namba yao haijui, ila hiyo ya maji anayo mdomoni tayari. Mi nimewapigia na nimewaona wakifanya kazi, tena sio kwenye maonyesho ya Sabasaba, ni kichochoroni kwetu huku Dar usiku watu wamelala, kwaiyo naomba mnisikilize wakuu.

Moto ulianzia chumba cha mpangaji mmoja, mpira wa gesi ulikua unavuja akawasha jiko, na nyumba yenyewe ni ile ya vyumba vingi korido katikati, kila mlango familia. Nikapiga 114. Aliyepokea alikua dada mmoja sauti imetulia kabisa, mi napiga kelele yeye hapigi. Akauliza nini kinaungua, kuna mtu ndani, moto umefika kwenye paa au bado, mtungi wa gesi uko wapi, halafu akakaa sana kwenye kuelekezwa: kituo gani cha daladala, shule gani ya karibu, msikiti au kanisa gani, gari kubwa linaingia au haliingii. Kuna watu wanasema maswali yale yanapoteza muda. Hapana jamani. Mitaa yetu unaijua, nyumba nyingi hazina namba zinazoonekana, njia inaishia chooni kwa mtu, sasa gari la tani kadhaa likikosea kona moja tu kurudi nyuma ni kazi ya robo saa. Yule dada alikua anaokoa muda kuliko sisi wote tuliokua tunakimbia na ndoo.

Gari likafika barabara ya juu, kuingia ikashindikana. Bajaji zimelala mdomoni mwa kichochoro, na mbele kidogo kuna ukuta wa mtu umekula njia. Maafande hawakusimama kugombana na mtu, wakashusha mipira ya maji wakaunganisha kipande kwa kipande wakaivuta kwa mikono mpaka ndani, na huku watu wanawatukana, mlikua wapi, mmekuja kupiga picha, na kuna kijana alirusha chupa kabisa. Wenyewe wala hawakugeuka. Afande mmoja wa kike alienda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba akamuuliza, "Mama, nani hajaonekana?" Swali hilo hakuna hata mmoja wetu alikua ameuliza, na tulikua pale muda wote. Mama ndo akashtuka, bibi! Chumba cha nyuma, miguu inamsumbua, hatembei bila fimbo.

Wakaingia wawili, wameinama chini kabisa maana moshi unakaa juu, mitungi ya hewa mgongoni. Walitoka na bibi amefunikwa blanketi. Na bibi mpaka leo hasimulii moto, anasimulia kwamba yule kijana alivyomkuta kule gizani kitu cha kwanza alimwamkia, "Shikamoo bibi, nishike shingo tunatoka." Mimi hapo ndo nyota tano zilipotoka. Mtu yuko kwenye moshi, hajui paa linashuka saa ngapi, na bado anamkumbuka mkubwa wake kwa heshima, ili bibi asiogope hilo libarakoa lililomtokea.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndo penye lawama zote. Gari la zimamoto linabeba maji yake tumboni, na hayo maji yana mwisho. Chukulia tanki la lita 5,000. Mpira mmoja wa kushika mkononi ukifunguliwa vizuri unakula lita 400 au 500 kwa dakika. Mmoja tu, hizo ni dakika kama 10. Ukifungua miwili, dakika 5 hivi, kwisha. Ndo maana gari likishafika kinachotakiwa ni kupata maji mengine haraka, ama kutoka kwenye haidranti, zile bomba za barabarani za kuchotea maji ya kuzimia moto, ama kwa boza linalofuata nyuma. Haidranti ikiwa imefukiwa na lami, au kuna mtu kaweka meza ya viatu juu yake, au haina presha, lile gari inabidi litoke likajaze sehemu nyingine lirudi. Wewe uliyefika dakika ya 7 unaliona linaondoka moto bado unawaka, unasema walikuja bila maji. Walikuja nayo. Yameisha, na ya kuongezea sisi wenyewe tumeyakalia.

Na hili la maji kuisha linaua wazimamoto, sio la kufanyia utani. Ile tarehe 4 Mei ambayo dunia inaadhimisha siku ya wazimamoto ilitokana na msiba wa Linton, kule Victoria, Australia. Tarehe 2 Desemba 1998 wazimamoto watano wa kujitolea waliungua hadi kufa kwenye moto wa msituni. Walikua ndani ya gari lao wanaelekea kujaza maji, upepo ukageuka ghafla, moto ukawafunika. Watu wa kujitolea wale, hawalipwi. Kwaiyo nikisikia mtu anapiga makofi na kuzomea gari linaloenda kujaza maji naumia kweli.

Moto wetu ulizimwa, vyumba vitatu vikaungua, vingine vikabaki. Watu wengi waliondoka hapo, ila kazi ilikua haijaisha. Walibaki wanabomoa dari kipande kipande, wanashika kuta, wanamwagia maji sehemu ambazo kwa macho zimeshazima, kwa sababu moto unajificha kwenye mbao za paa na magodoro, unawaka upya alfajiri mmelala. Nguo zile na viatu na kofia na mtungi wa hewa kwa pamoja ni kilo 20 na zaidi, na hii joto ya Dar mnaijua, usiku huo wenyewe hata sisi wa vest tulikua tunatiririka. Nilimwona mmoja amekaa ukingo wa mtaro amevua kofia, mvuke unamtoka kichwani, hakuna aliyempelekea hata maji ya kunywa mpaka mama muuza vitumbua akaamka akatoa ndoo yake.

Halafu mkuu wao akatukusanya, saa hiyo ya usiku, akatufundisha. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa wala usiizime, usiguse swichi, fungua madirisha, funga mtungi, toka nje. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni, pakitoa mapovu panavuja. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwagie maji hata siku moja, funika na mfuniko uzime jiko. Ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto unaouona ofisini umening'inia tu, unavuta pini, unaelekeza kwenye shina la moto sio kwenye ndimi, unabinya, unafagia kushoto kulia. Kama dakika 15 hivi, bure, kwa watu waliotoka kumtukana. Sijui niseme nini zaidi.

Na hilo jina lao lina nusu ya pili watu hawaitamki, Uokoaji. Mtoto katumbukia kisimani, mzee kadidimia na choo, mafuriko yamezingira nyumba, gari limembana dereva, hao hao. Mwezi Desemba 2023 tope lilivyoshuka Katesh kule Hanang, walikua kwenye tope na wanajeshi wa JWTZ wanatafuta watu. Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilivyoporomoka asubuhi ya Jumamosi watu washafungua maduka, walichimba siku kadhaa wakishirikiana na jeshi, Msalaba Mwekundu na raia wa kawaida waliojitolea, wanaongea na waliofukiwa chini, wanawapitishia maji, glukosi na oksijeni kwenye matundu. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai. Waliofariki pia ni wengi, Mungu awapumzishe. Fikiria tu kulala kifudifudi kwenye kifusi kinachoweza kushuka tena, unamwambia mtu usiyemuona "vumilia ndugu yangu tunakuja", na unajua bado masaa mengi.

Kuna kitu cha Bukoba huwa nakiwaza sana. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria, watu 43 ndani, 19 wakafa, 24 wakapona. Wavuvi ndo walifika wa kwanza, na kijana Majaliwa Jackson akapambana na mlango wa ndege kwa kasia, baadae kamba ya kuvutia ikakatika ikampiga usoni akazinduka yuko hospitali. Nchi nzima ilimshangilia. Na Rais Samia alipotaka kumpa shukrani ya maana, aliagiza aingizwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe mafunzo. Hebu litazame hilo. Taifa lilitafuta heshima ya kumvalisha shujaa wake likaona ni ile sare. Sasa hiyo hiyo sare ikipita Manzese au Buguruni na king'ora, daladala haipishi, bodaboda inachomeka mbele yake, mwenye gari ndogo anaifuata kwa nyuma ili apite foleni. Haviendani kabisa.

Mapungufu yapo na nayasema kwa sababu nawapenda. Vituo ni vichache ukilinganisha na jiji lilivyotanuka. Tunaoshuka pale Faya, kwenye kituo cha zimamoto Morogoro Road, kwa mwendokasi tunaona magari yamepangwa tunajisikia tuko salama, ila aliyejenga mwisho kabisa wa mji anategemea gari lipambane na foleni ya saa kumi na mbili jioni. Haidranti nazo zinatakiwa ziwe nyingi, zenye maji, zimepakwa rangi, zimezungushiwa chuma. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, sehemu ambayo ni katikati ya mji kabisa, sio porini. Na porini kwenyewe, ule moto wa Kilimanjaro Oktoba 2020, gari gani litapanda kule? Watu walipanda kwa miguu wakapiga moto kwa matawi, wanafunzi, wapagazi, askari wa hifadhi, wanakijiji, siku baada ya siku. Nchi yenye watu wa namna hii inastahili kuwapa vifaa. Hayo ni ya bajeti, vijana wanaotoka chuo cha zimamoto cha Chogo, Handeni wao hawapangi bajeti, kwaiyo nyota za watu hazipungui.

Sisi wateja pia tuna rivyu yetu, na mi nisingetupa hata nyota mbili. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Na bado leo lori likipinduka watu wanakwenda na madumu, na zimamoto wakija kuwaondoa wanaonekana wabaya, eti wanazuia riziki. Wengine wanapiga 114 kutania, watoto wanaachiwa simu wanachezea, na kila simu ya hivyo kuna mtu mwingine nyumba inaungua laini iko bize. Moto ukiwaka watu wamenyanyua simu wanarekodi wamesimama juu ya mpira wa maji! Nimeona kwa macho yangu afande anamwomba mtu kwa upole, "kaka samahani, toa mguu."

Kwetu baada ya ule moto tulikaa kikao na mjumbe, tukakubaliana bajaji zilale upande mmoja tu wa njia, na mwenye ukuta alikuja mwenyewe akasema atausogeza, ameshaanza kubomoa. Tukachanga kidogo kidogo tukanunua mitungi ya kuzimia moto, mmoja uko kwa mama mwenye nyumba mwingine kwa fundi cherehani pale mwanzoni, kila mtu anajua ilipo. Vijana wa mtaani wamepangwa, simu ikishapigwa wawili wanakimbia barabara kubwa kulipokea gari, mmoja anabaki kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Kituoni tulienda pia, sio na zawadi kubwa, katoni za maji na bibi mwenyewe tumembeba kwenye bajaji, alitaka kumwona kijana wake. Walikua wametoka kwenye tukio lingine, wakaja wanapanga mstari kumwamkia.

Sevu 114 kwenye simu ya mama, ya dada wa kazi, ya mtoto mkubwa. Wafundishe kutaja kituo cha daladala na alama ya karibu kabla ya kitu kingine chochote, kama gari kubwa haliingii waseme mapema, na wasikate simu mpaka waambiwe.