TAHADHARI: Anayeuza "matembezi ya bundi wa Sokoke" Watamu na Malindi

Jamani, kama una wageni wanaoshuka Pwani kuangalia ndege, soma hapa kabla hujatuma hata shilingi.

Kuna jamaa anajitangaza kuwa mwongoza watalii wa Msitu wa Arabuko-Sokoke. Ana picha safi za bundi wa Sokoke alizochota mitandaoni, na anaahidi kwamba lazima utamwona. Anataka nusu ya pesa kwanza kwa M-Pesa, kwenye laini ya mtu binafsi, na jina linalotokea si lile analojiita. Binamu zangu kutoka Nakuru walimtumia 8,000. Hakuwapitisha kituo cha msitu cha Gede. Aliwaingiza jioni kwa njia ya panya, bila tikiti wala risiti. Msitu huo una ndovu! Gizani, na mtu asiyezijua njia zao, hapo roho za watu zimewekwa rehani.

Ndani akawazungusha kwenye mchanga mweupe huku akicheza sauti ya bundi kwenye spika, kwa nguvu, tena na tena. Mwisho akamulika ndege juu ya mti, akasema ndiye huyo, akadai nusu iliyobaki. Picha nimeiona: bundi mkubwa mwenye macho meusi. Bundi wa Sokoke ana macho ya manjano na urefu wa sentimita 16 hadi 18 tu. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Anaishi kwenye vichaka vizito vya miti ya Cynometra, upande wa magharibi wa msitu, kwenye udongo mwekundu. Nje ya Arabuko-Sokoke anajulikana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kwa hivyo ukipelekwa kumtafuta kwenye mchanga mweupe, au ukiambiwa yuko kwenye mikoko ya hori ya Mida, shtuka.

Ile spika inaniuma kuliko pesa. Bundi akisikia sauti ile hudhani mwenzake amevamia himaya yake. Anaacha kuwinda, anajitokeza hadharani, na adui zake wanamwona. Ndege mwenyewe yuko hatarini kutoweka, halafu anasumbuliwa usiku kucha na mtu asiyejua hata anaishi wapi.

Waongozaji wa kweli ni watu wa vijiji vya kando ya msitu, na msitu wakiulinda ndiyo riziki yao. Kwa kawaida humtafuta bundi mchana, akiwa amelala chini chini kichakani, mara nyingi dume na jike wamebanana. Mwongozaji hutangulia peke yake, akiwapata bundi ndiyo anawaita wageni mmoja mmoja, kimya kimya. Hakuna anayekuhakikishia. Waulizie kituoni Gede, taka kuona kitambulisho, ada ya kuingia lipa rasmi na uondoke na risiti yako.

Kama umeshatuma, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, mara moja uombe pesa zirudishwe. Akishazitoa ni vigumu. Usiufute ujumbe huo. Binamu zangu wameandikisha taarifa polisi, na jamaa sasa hapokei simu zao. Laini anabadilisha, kwa hivyo kukariri namba moja hakutoshi. Kama nawe amekula pesa yako, nenda kaandikishe taarifa na nambari ya muamala, kesi isibaki ya familia moja.