Carlsbad Caverns: shuka kwa miguu, lifti iache ya kurudia

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aende zake: pango nalipatia nne kati ya tano, popo wa jioni tano, lifti mbili. Na sio kwamba lifti ni mbovu, hapana, inafanya kazi yake, unaingia juu kwenye jengo la wageni, masikio yanaziba, dakika moja hivi mlango unafunguka ushashuka kama mita 229 ndani ya mwamba. Tatizo ndo hilo hilo. Mtu kajipinda na safari, kavuka jangwa la New Mexico lenye barabara iliyonyooka mpaka dereva anaanza kuongea peke yake, anakuja kuona moja ya mapango yanayojulikana zaidi Marekani, alafu kitu cha kwanza kukutana nacho huko chini ni meza za mgahawa, vyoo na rafu za vitu vya ukumbusho. Yaani umefika pangoni bila kuingia pangoni.

Njia nyingine ni Natural Entrance, mdomo wenyewe wa pango, na huko ndiko alikoanzia Jim White. Huyu alikuwa kijana mchunga ng'ombe tu, mwaka 1898 akaona kitu kinapanda angani toka vilimani akadhani moshi, kusogea kumbe popo, popo mpaka basi. Akarudi na kamba na taa, akawa anaingia na kutoka miaka na miaka, akisimulia watu wanaona anawapiga fiksi tu, mpaka picha zilipoanza kutoka ndo wakanyamaza. Watalii wa mwanzo hawakuwa hata na ngazi, walikuwa wanateremshwa wawili wawili kwenye ndoo ya mbolea ya popo, mita 52 kwenda chini, maana biashara ya kwanza ya pango hili ilikuwa hiyo mbolea, inachimbwa, inasafirishwa hadi mashamba ya machungwa ya California. Ngazi zilijengwa 1925, lifti ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiwafikiria hao wa kwenye ndoo unaona hata aibu kulalamika magoti.

Ila magoti yatalalamika, tusidanganyane. Ni kilomita 2 za kushuka tu, njia imesakafiwa vizuri lakini ni mteremko mkali, kona kushoto kona kulia kona kushoto, kila kona uzito wote unakuja kwenye magoti na vidole vya mbele vya miguu vinasukumana ndani ya kiatu. Kwa mwendo wa kawaida weka saa nzima. Vaa raba yenye soli inayong'ata, mi niliona dada mmoja na sandozi za kutelezesha mguu akishuka kwa kukumbatia reli na sura ya mtu anayejuta. Na kuna kitu wengi hawakijui, mlango huu wa miguu wanaufunga mapema alasiri, sio jioni, kwa hiyo ukifika umechelewa utaambiwa tu panda lifti na utalipa hela ile ile.

Juu pale mdomoni mbayuwayu wanazunguka kwa fujo, wana viota vyao kwenye mwamba. Harufu nayo inakuwahi kabla ya giza, harufu ya popo, kali, inakaa kooni, watu wanaziba pua na kucheka, baada ya kona chache huisikii tena, sijui imeisha au pua imesalimu amri. Popo wenyewe huwaoni, wanalala upande wao kwenye korido ambayo wageni hawaingii. Mwanga wa jua unapungua taratibu, sio kwamba unakatika ghafla, unageuka rangi kwanza, buluu, kijivu, alafu unashtuka kumbe kwa dakika kadhaa umekuwa ukitembelea taa zao ndogo za pembeni bila kujua. Reli ya chuma imelowa na ni ya baridi, hewa ni nyuzi 13 za Selsiasi mwaka mzima, kiangazi masika hakuna tofauti, sweta moja jepesi linatosha maana mwili unachemka kwa kutembea.

Nusu ya njia ndo unakutana na Iceberg Rock. Hili ni jiwe la tani 200,000 lililodondoka toka darini, na njia inakuzungusha ubavuni mwake, unaona upande huu, unashuka, unaona upande ule, na bado ni jiwe lile lile moja. Kibao kinasema lilianguka zamani mno. Sawa, nimekuelewa kibao, lakini jicho linaenda juu lenyewe kuangalia palipobaki kuna nini.

Karibu na kumaliza mteremko kuna sehemu inaitwa Boneyard, mwamba umetobolewatobolewa kila upande, vishimo ndani ya vishimo, na wengi wanapita bila kusimama kwa sababu wanawahi huko mbele kwenye makubwa. Simama hapo. Hapo ndo pango linakuonyesha lilivyotengenezwa. Mapango mengi ya mawe ya chokaa yanachimbwa na maji ya mvua yenye asidi kidogo, yanapenya toka juu. Hili sivyo. Huku chini kulikuwa na gesi ya salfa ikitoka kwenye mafuta na gesi ya ardhini, ikapanda, ikakutana na maji yenye oksijeni, ikatengeneza asidi ya salfa, na asidi hiyo haina mchezo, ikala mwamba toka ndani. Ndo maana hakuna mto, hakuna dalili ya maji kupita kwa kasi, vyumba tu vikubwa ajabu. Mwamba wenyewe ulijengeka baharini, ndio, hapa palikuwa bahari, miaka kama milioni 265 iliyopita, na kuliwa na asidi kulitokea kama miaka milioni 4 hadi 6 nyuma. Ukifika Big Room, ule ukumbi mkuu wa pango, utaona mabonge meupe ya jasi yamekaa kama hayahusiki na chochote, hayo ndo mabaki ya kazi ya asidi, na mengine yana matundu wima yaliyonyooka ambayo matone ya maji yametoboa yakidondokea pale pale. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye kitu kingine chochote, na watu walikuwa wananipita.

Big Room yenyewe sasa. Chumba kimoja, mita za mraba zaidi ya 33,000, yaani viwanja vinne vya mpira na chenji inabaki, na kwa ujazo ndo chumba kikubwa kuliko vyote vya mapango ya Amerika Kaskazini vinavyojulikana. Njia ya kukizunguka ni kilomita 2 nyingine, hii ni karibu tambarare, mtu yeyote anaimudu. Kwenye Hall of Giants kuna stalagmiti, yaani nguzo ya mwamba iliyoota toka sakafuni, inaitwa Giant Dome ina mita 19, unasimama chini yake shingo inauma. Taa zimewekwa kwa akili, sio zile za rangi za kumbi za harusi, nyeupe tu, zimefichwa, kwa hiyo unaona kivuli na umbo. Sehemu kubwa imekauka, maji yaliyokuwa yanajenga haya mambo yalipungua nchi ya juu ilipogeuka jangwa, kwa hiyo pale unaposikia tone linaanguka ujue umebahatika. Crystal Spring Dome ni moja ya zinazoendelea kukua, inang'aa kwa sababu imelowa, ukiilinganisha na majirani zake wakavu utaona tofauti mwenyewe.

Nyota moja niliyoibana ni ya nini? Kwanza majina. Kila kitu kimepewa jina, mkia wa simba, kidole cha mchawi, mdomo wa nyangumi, ukumbi wa wanasesere, na ukishasoma kibao huwezi tena kuona kitu kingine, akili inafungwa hapo hapo. Na mengine yana chumvi, Bottomless Pit eti shimo lisilo na chini, chini lipo, mita 43, wameshashuka wakapima. Pili ni kelele. Wanakuomba uongee kwa kunong'ona kwa sababu sauti inasafiri sana mle ndani, na watu wanaitikia ndio ndio pale juu, wakifika chini wanaitana majina toka ncha hii hadi ile. Wale wa lifti ndo zaidi, samahani kusema, aliyeshuka saa nzima kwa miguu anafika kashatulia.

Tulikuta kundi limeletwa na basi la kampuni fulani ya utalii, jina naliacha, wamepewa saa moja tu kwa kila kitu, kushuka, kuzunguka, choo, duka, kupanda. Unazungukaje kilomita 2 hapo? Walikata kwenye njia ya mkato, kiongozi wao kaangalia saa mara nyingi kuliko alivyoangalia dari, mzee mmoja akamuuliza mbona ile ngazi hatukuiona, hakujibiwa. Ngazi aliyoisema mzee ni ile ya waya na vijiti iliyobaki toka msafara wa National Geographic wa mwaka 1924, walikuwa wanashukia hiyo kwenda Lower Cave, sehemu ya pango iliyo chini zaidi. Unaichungulia toka kwenye reli, inaning'inia na kupotea gizani, nyembamba kiasi kwamba unajiuliza hawa watu walikuwa na familia kweli. Ukiletwa na kampuni uliza kwanza unapewa masaa mangapi humo ndani, chini ya tatu usikubali.

Masharti ni mengi na nakubaliana nayo karibu yote. Kushika mwamba marufuku, mafuta ya mikono yanauharibu. Kinywaji ni maji matupu, soda hapana, chai hapana, na chakula ni kule mgahawani tu, sio ubaki na kitu unatafuna njiani. Kama viatu ulivyovaa uliwahi kuingia navyo pango jingine sema ukweli, kuna ugonjwa wa fangasi unaua popo Marekani na unaweza kubebwa na viatu. Mtu anaweza kuona wanazidisha, basi asikie hii: mwaka 2024 mgeni mmoja aliangusha pakiti ya Cheetos, vile vitafunio vya mahindi, nje ya njia kwenye Big Room, unyevu ukazilainisha, ukungu ukaota, wakaja nyenje wa pangoni, utitiri, buibui na nzi, walinzi wa hifadhi wakatumia kama dakika 20 kusafisha kitu ambacho aliyekiangusha huenda hata hakugeuka kukitazama.

Kuhusu popo, tafadhali usiondoke mchana. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba kila jioni watu wanakaa kwenye benchi za mawe zinazotazama mdomo wa pango, ni bure, mlinzi anaongea kidogo anajibu maswali alafu ananyamaza katikati ya sentensi kwa sababu wameanza. Wanatoka wakizunguka kinyume cha saa, wanapanda, mkanda mmoja unakatika mwingine unaanza, ni laki kadhaa, na Julai na Agosti wanakuwa wengi zaidi maana watoto wao wanaanza kuruka. Unasikia mabawa. Simu na kamera haziruhusiwi kabisa, zimeni zote, hata ya kurekodi sauti, zinawasumbua popo. Mi nilidhani nitaumia bila picha, sikuumia, na nimeona watu wazima wamekaa nusu saa nzima bila hata mmoja kuinama kwenye kioo, nitajie sehemu nyingine. Majira ya baridi usije kwa ajili yao, wanakuwa wameshahamia Mexico.

Hela sasa. Kiingilio dola 15 kwa mtu mzima na kinadumu siku tatu, kwa hiyo anayeweza kulala mjini Carlsbad apange pango siku moja na popo siku nyingine asijichoshe, ndani ya hifadhi hakuna hoteli. Kabla ya hapo unatakiwa kukata nafasi ya saa mtandaoni kwenye Recreation.gov, dola 1, na hiyo dola sio kiingilio, wengi wanafika na hiyo wakidhani wameshalipa kila kitu wanaanza kubishana kaunta. Lifti zishawahi kuharibika, mwaka 2015 zilikwama na watu wakawa wanapanda ule mteremko wote kwa miguu kwa miezi, kwa hiyo asubuhi ya safari angalia tangazo lao kwanza hasa kama una mgonjwa au mzee.

Watoto wa miaka 15 au pungufu hawalipi. Vigari vya kusukuma watoto haviruhusiwi mle ndani, mwenye mtoto mchanga ambebe. Mwenye kiti cha magurudumu kuna sehemu ya Big Room inapitika vizuri, na kwa huyo lifti ndo mlango, hapo sina neno nayo.