Kiti cha magurudumu matatu juu ya mawe ya Goma

Anayetafuta kiti cha magurudumu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hukutana na aina mbili. Kuna kile cha hospitali, cha chuma kinachong'aa, kinachokunjika katikati, chenye vigurudumu viwili vidogo vigumu mbele. Halafu kuna kile kirefu: magurudumu mawili makubwa nyuma yenye tairi nene za baiskeli ya mlimani, na moja tu mbele, pana, lililotangulia mbali na miguu. Tunakipima hicho kirefu kwa ajili ya mtu mzima ambaye miguu haimbebi lakini mikono ina nguvu, anayetaka kukaa mtaani kwake, Majengo, Katoyi au Ndosho, na kutoka atakapo, bila kungoja mtu wa kumbeba mgongoni.

Kwa mji huu, chukua kirefu. Cha hospitali kilitengenezwa kwa sakafu ya vigae. Kwenye lava ya volkano Nyiragongo ya mwaka 2002, ambayo mpaka leo inatokeza katikati ya avenyu nyingi, kigurudumu chake kidogo huzama kati ya mawe mawili, kiti kinasimama ghafla, na aliyekalia anaangukia mbele. Kirefu hakifanyi hivyo kwa urahisi. Gurudumu la mbele likiwa mbali, uzito mwingi unabaki nyuma, na mbele panakuwa pepesi kupanda jiwe. Tena ni matatu. Kila mpishi anajua kwa nini mafiga ni matatu: popote utakapoyapanga, sufuria haiyumbi. Kiti cha magurudumu manne kwenye mawe kina gurudumu moja hewani karibu kila wakati. Cha matatu hukanyaga chini kwa yote.

Kina gharama zake. Ni kirefu, kwa hiyo hakigeuki ndani ya chumba cha mbao cha mita mbili na nusu chenye kitanda na kabati. Hakisogei chini ya meza. Vyuma vya mbele vinamzuia anayezoea kusimama kidogo akitokea kwenye kiti. Na aliyepooza upande mmoja, anayesukuma kwa mkono mmoja na kujivuta kwa mguu mmoja, asikichukue kabisa: huyo anahitaji kiti cha magurudumu manne kilicho chini, ambacho kisigino kinafika ardhini. Kingine, kabla ya kulipa pima mlango wa nyumba. Upana wote wa kiti ni upana wa pale pa kukalia ukiongeza kama sentimita 20 hadi 25, na vidole vinahitaji nafasi pande zote mbili. Mlango wa sentimita 65 utabidi upanuliwe.

Vipimo vya mwili ndipo viti vya msaada vinapoharibikia. Vinafika vyote saizi moja, vinagawiwa siku moja, picha zinapigwa, basi. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya viti hivi mwaka 2008, na mwongozo huo unahesabu hatua nane, tangu mtu anapoelekezwa kwenye huduma mpaka matengenezo na kumfuatilia baadaye. Kukabidhiwa kiti bila kupimwa na bila kufundishwa ni kuziruka nyingi kati ya hizo. Pima hivi: upana wa kukalia uwe sawa na upana wa nyonga, usiache nafasi ya "atanenepa", kwa sababu nafasi hiyo humfanya mtu akae upande na mgongo ukapinda. Urefu wa kukalia ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 3 hadi 6. Urefu kutoka juu ya mto wa kukalia hadi pa kuwekea miguu ni ule wa nyuma ya goti hadi kisigino. Miguu ikining'inia, uzito unakuja kwenye paja. Magoti yakipanda juu, uzito wote unarudi kwenye mifupa ya kukalia.

Na hapo tunafika kwenye mto, ambao kwetu una uzito kuliko chuma chote. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii makalio yakiungua. Kidonda cha mgandamizo kinaanza leo asubuhi, kesho kimefunguka, na kinaweza kumlaza miezi, au kumuua kwa maambukizi. Kiti kikija bila mto, au na kipande cha sponji ya godoro, usimruhusu akalie siku nzima. Mto mzuri ni sponji ngumu chini na laini juu, unene kama sentimita 8, na nyuma una shimo la kina cha sentimita 2 hadi 3 pale mifupa miwili ya kukalia inapotua.

Ujaribu kwa vidole. Mtu ainuke kidogo, tia ncha za vidole chini ya mfupa mmoja wa kukalia, kati yake na mto, kisha akae wima na mikono kwenye mapaja. Vidole vikicheza juu na chini kama nusu sentimita, uko salama. Visipocheza lakini vikachomoka bila shida, ni onyo. Vikibanwa kabisa, mto huo haufai kwake, hata uwe mpya. Fanya upande wa pili pia, kisha urudie jaribio kila baada ya miezi michache, maana sponji huchoka kimya kimya. Kosa la kawaida hapa ni kuushonea mto kitenge kilichokazwa sana: kitambaa kinavutika kama machela, shimo linakuwa halina kazi. Kitambaa kiwe legevu au cha kunyumbuka, na chini yake nailoni laini ya kuzuia mkojo, nayo isikazwe.

Hata mto mzuri haumalizi kazi. Kila dakika 20 hadi 30 ainame mbele kifua kikielekea magotini, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, dakika moja au mbili. Jioni ajitazame makalio kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo atafute sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ngumu kuliko pembeni yake. Akiikuta, asiikalie tena mpaka ipotee.

Kuhusu matengenezo, hapa kiti kirefu kinashinda waziwazi. Tairi ni za baiskeli, kwa hiyo kwado (fundi wa tairi) yeyote wa mtaa wa Birere anaziba pancha na ana mpira wa ndani wa saizi hiyo. Jaza upepo hadi kidole gumba kisiweze kubonyeza tairi, kwa sababu tatu: mawe makali hukata ubavu wa tairi legevu, kusukuma kunachosha mabega, na breki zenyewe hukandamiza tairi, kwa hiyo likikosa upepo breki hazishiki. Wengi hukaza breki wakidhani zimeharibika, kumbe ni upepo tu. Kinachokufa mapema ni beringi za gurudumu la mbele, vumbi la volkano linaingia na kuzisaga. Siku ya kununua, soma namba iliyogongwa ubavuni mwa beringi uende nayo kwa muuza vipuri vya pikipiki. Akiwa nayo, kiti hicho kitaishi. Asipokuwa nayo, nunua akiba hapohapo dukani.

Anayesaidia kusukuma naye afundishwe, na aanze kwa kuuliza: "Papa, nikusaidie?" Kumkamata mtu kutoka nyuma bila kumwambia humwangusha. Kwenye mteremko mkali anamshusha kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia.

Sasa choo. Goma mwamba haukubali kuchimbwa, kwa hiyo vyoo vingi vimejengwa juu, na watu wanapanda ngazi. Ngazi tano za sentimita 18 ni sentimita 90. Mteremko wa kupanda peke yako kwa kiti unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, yaani karibu mita 11 za mbao. Parseli (kiwanja) gani ya Katoyi ina nafasi hiyo? Kizingiti cha nyumba cha sentimita 20 kinawezekana: mita 2.4, na vipande vya tairi kuukuu vikigongomelewa juu kama wanavyofanya kwenye magurudumu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hapatelezi hata mvua ikinyesha. Choo cha juu hakiwezekani, na watu wengi waliopewa kiti kizuri huendelea kubebwa kwa sababu hiyo moja.

Kinachofaa ni kiti cha choo cha mbao, ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Seremala akitengeneze na mikono pande mbili, miguu iliyopanuka chini, mgongo uegemee ukuta. Tundu lisiwe kubwa hata akazama. Kingo zake zipigwe msasa mpaka kiganja kisikwaruzike, kisha vanishi, kwa sababu mbao mbichi hukwangua ngozi isiyosikia. Chini ndoo yenye kifuniko na majivu. Kuimwaga bado kunahitaji mtu mwingine, na hilo lipangwe kwa jina na saa, asubuhi na jioni, lisiachwe kwa yeyote atakayepita. Mkono mmoja wa kiti hicho uweze kutolewa ili ahamie toka kiti hadi kiti, na pale pa kukalia pawe sawa kabisa na juu ya mto wa kiti cha magurudumu. Tofauti ya sentimita 5 tu inamlazimisha kujinyanyua kila mara, na mabega ndiyo miguu yake.