Programu za kupangia safari za droni: ipi inunuliwe na mpima ardhi au mtaalamu wa mashamba

Mtu anayenunua droni kwa kazi ya ramani mara nyingi hulinganisha kamera na betri kwa makini sana, kisha programu itakayoiongoza droni hiyo angani akaichagua kwa haraka, kwa sababu mwenzake aliisifia au kwa sababu haina malipo. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Ramani haipigwi kwa vidole kwenye rimoti. Hupigwa na programu inayochora mistari sambamba juu ya shamba, inayokokotoa umbali kati ya picha na picha, inayoamua kasi, na inayokumbuka mahali ilipoishia pale betri inapobadilishwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpima ardhi, mhandisi wa barabara au bwana shamba wa Afrika Mashariki mwenye droni moja au mbili, anayefanya kazi mahali ambapo mtandao si wa kutegemea na anayelipia vifaa kwa fedha zake mwenyewe. Mpangilio wa nafasi utakaotolewa hapa unamhusu yeye. Kampuni kubwa ya migodi ina haki ya kupanga vingine.

Kabla ya kupanga nafasi, kuna maswali ambayo mnunuzi ni lazima ayajibu, na la kwanza ni kama programu anayoitaka inaweza kuzungumza na droni aliyonayo. Wataalamu na wanafunzi wa Zanzibar walipoanza kupiga ramani ya Unguja na Pemba mwaka 2016 walitumia eBee, ndege ndogo yenye mabawa iliyokuja na programu yake, eMotion, kwa hiyo swali hilo kwao halikuwapo. Kwa mwenye droni ya DJI hali ni tofauti. DJI huwafungulia watengenezaji wengine mlango wa kuziongoza baadhi ya droni zake na kuufunga kwa nyingine, na upya wa droni au ukubwa wa bei yake si dalili kwamba mlango uko wazi. Isitoshe, toleo la tano la mfumo huo wa DJI kwa watengenezaji linafanya kazi kwenye Android pekee, hivyo mwenye iPhone anaweza kujikuta amenunua droni inayokubalika na leseni halali, lakini simu yake haihusiki. Mwenye Mini 3 au Mini 3 Pro anapaswa pia kuchagua rimoti ya kawaida inayobeba simu, yaani RC-N1, badala ya ile yenye kioo chake, kwa kuwa rimoti ile yenye kioo haikutengenezwa ili kupokea programu za watu wengine. Orodha ya droni zinazokubalika hutolewa na kila mtengenezaji wa programu, na isomwe jina kwa jina, kwa sababu Mavic 3 ya kawaida na Mavic 3 Enterprise ni vitu viwili mbali kabisa katika jambo hili.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni rahisi kulisahau: safari iliyopangwa inakaa wapi wakati droni iko angani? Kuna droni ambazo hupokea njia nzima kabla ya kupaa na kuihifadhi ndani yake. Mawasiliano na rimoti yakikatika nyuma ya kilima au msitu, zinaweza kuendelea na mstari hadi mwisho kama zilivyoagizwa. Kuna nyingine, hasa droni ndogo za bei nafuu, ambazo hazina uwezo huo, na programu huziongoza kwa kutuma amri mfululizo kutoka kwenye simu, kana kwamba kuna mkono unaosukuma vijiti vya rimoti muda wote. Katika namna hii ya pili, mawasiliano yakikatika kazi husimama na droni hurudi nyumbani. Simu ikizidiwa na joto au ikifungwa na programu nyingine, matokeo ni yale yale. Kwa shamba la ekari 20 lililo wazi tofauti hii haina uzito mkubwa. Kwa mstari wa bomba la maji wa kilomita tatu unaopita bondeni, ndiyo inayoamua kama kazi itakwisha siku hiyo.

Swali la tatu ni kama programu inafuata umbo la ardhi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Programu nyingi hupima urefu kutoka mahali droni iliporukia. Tuchukue droni yenye kamera ya kihisi cha inchi moja, kama Phantom 4 Pro, ikiruka mita 80 juu ya eneo la kupaa: kila picha hufunika ardhi ya mita 120 kwa mita 80, na kila pikseli huwa takriban sentimita 2.2. Ukipanga picha zilaliane kwa asilimia 75 mbele na asilimia 65 ubavuni, ramani itatoka vizuri mahali tambarare. Sasa ardhi ipande mita 40, jambo la kawaida kabisa Lushoto, Kisii au popote nchini Rwanda. Droni imebaki na mita 40 tu juu ya mteremko, kila picha inafunika nusu ya upana na nusu ya urefu wa awali, na kulaliana kwa picha kunashuka hadi asilimia 50 mbele na asilimia 30 ubavuni. Programu ya kuunganisha picha haitapata alama za kutosha zinazoonekana katika picha zaidi ya moja, na juu ya kilima ramani itatoka na matundu. Kinyume chake nacho kina adhabu: ukirukia kileleni na ardhi ikashuka, unaweza kuvuka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi kilichowekwa na kanuni za Kenya za 2020 bila rimoti kukuonyesha namba yoyote ya kutisha. Programu inayofuata ardhi hupandisha na kushusha droni kulingana na data ya miinuko. Data inayotumiwa sana, SRTM, ilikusanywa kwa rada mwezi Februari 2000, na nukta zake ziko umbali wa mita 30 hivi. Shimo la machimbo lililochimbwa baadaye halimo, wala jengo jipya, wala mnara wa simu. Kwa hiyo uwezo wa kuingiza faili lako mwenyewe la miinuko, lililotokana na safari ya kwanza ya juu zaidi, ni sifa ya kulipiwa.

Baada ya hayo, nafasi ya kwanza naipa DJI Pilot 2, kwa mtu ambaye bado hajanunua droni na ana uwezo wa kufika kwenye daraja la Mavic 3 Enterprise. Programu hii haiuzwi peke yake. Iko ndani ya rimoti, na gharama yake imo katika bei ya droni. Ina safari za ramani, za picha za mshazari na za mistari mirefu kama barabara, hupokea mipaka ya eneo katika faili la KML, hupokea faili la miinuko, na huipakia njia ndani ya droni. Mavic 3 Enterprise yenyewe ina kamera inayokamata picha nzima kwa wakati mmoja badala ya kuisoma mstari kwa mstari, na inaweza kupiga kila baada ya sekunde 0.7, hivyo programu inaweza kupanga kasi kubwa bila picha kupinda. Atakayesema kwamba ushauri huu ni wa kuwaambia watu wanunue kitu ghali zaidi ana hoja. Hata hivyo, kwa anayeuza ramani kwa wateja, kuwa na droni, rimoti na programu vilivyotoka kwa mtengenezaji mmoja kunaondoa lile swali la kwanza lote.

Nafasi ya pili ni ya Dronelink, na kwa mwenye droni ndogo ya DJI aliyonayo tayari, hii ndiyo ya kwanza. Inakubali droni nyingi za zamani na ndogo, safari hupangwa kwenye kompyuta ofisini kisha ikafunguliwa kwenye simu, na ina uwezo wa kufuata ardhi. Udhaifu wake si wa kwake hasa: kwa droni nyingi ndogo inalazimika kutumia ile namna ya amri za mfululizo, na ulinzi pekee ni kusimama mahali palipoinuka, karibu na katikati ya eneo, na kuigawa kazi katika vipande vifupi. Leseni zake zimegawanywa kwa madaraja, na matumizi ya biashara yana leseni yake; anayepokea malipo kwa ramani asijifiche katika leseni ya burudani.

QGroundControl iko nafasi ya tatu kwa sababu moja tu, kwamba haiongozi droni za DJI, nazo ndizo zilizojaa sokoni kwetu. Kwa mwenye ndege inayotumia PX4 au ArduPilot, yaani programu huria zinazokaa ndani ya ndege na kuiendesha, iwe ameiunda mwenyewe au imeundwa na fundi wa chuo, hakuna sababu ya kutafuta kwingine. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, inafanya kazi kwenye Windows, Linux, macOS na Android, na njia hukaa ndani ya ndege. Ina safari za eneo, za ukanda mrefu na za kuzunguka jengo. Hakuna kampuni inayoweza kukufungia leseni ukiwa porini, na kwa vyuo vya ufundi vyenye bajeti ndogo hili ni jambo kubwa. Mission Planner ni ndugu yake kwa watumiaji wa ArduPilot wenye kompyuta ya Windows. Ina undani zaidi, na inahitaji subira zaidi.

UgCS, inayotengenezwa na SPH Engineering ya Riga nchini Latvia, ningeiweka juu zaidi kama orodha hii ingekuwa ya maeneo ya milima pekee. Hupangwa kwenye kompyuta, hupokea data yako ya miinuko, hukuonyesha njia nzima juu ya sura ya ardhi kabla hujatoka ofisini, na huongoza droni za DJI pamoja na zile za ArduPilot na PX4. Inashuka hadi nafasi ya nne kwa ajili ya bei yake na kwa sababu inakulazimu kubeba kompyuta hadi shambani. Anayepata kazi ya machimbo au ya bwawa aitazame upya, maana kazi moja ya aina hiyo inaweza kulipia leseni.

Litchi ni nafuu, hulipiwa mara moja tu, kiasi cha takriban dola 25, na ni nzuri sana kwa video na kwa kurudia njia ile ile kila mwezi ili kuonyesha maendeleo ya ujenzi. Haikutengenezwa kwa gridi za ramani. Watu huzitengeneza gridi hizo kwingine na kuziingiza kama faili la pointi ambazo droni itazipitia, njia inayowezekana lakini yenye mikono mingi, na droni za DJI za zamani hazipokei pointi zaidi ya 99 kwa safari moja.

DroneDeploy ninaiweka mwisho, nami najua kuna watakaoshangaa. Programu yenyewe ni safi na rahisi kufundisha. Tatizo ni kwamba hulipiwa kwa usajili, na nguvu yake iko katika kupandisha picha kwenye seva za kampuni ili ziunganishwe huko. Picha ya megapikseli 20 huwa na megabaiti 8 hivi. Picha 300 ni gigabaiti 2.4, na hizo ni za shamba moja la wastani. Kwa anayenunua bando la simu mjini Bukoba au Lodwar, gharama hiyo haimo katika bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Programu ya WebODM, kinyume chake, huunganisha picha kwenye kompyuta yako bila mtandao, na hupokea picha zilizopigwa kwa programu yoyote kati ya hizi.

Kuhusu DJI GS Pro, ambayo bado hutajwa sana: ni ya iPad pekee na ni ya kizazi cha Phantom 4 na Mavic 2. Anayekuta Phantom 4 Pro ya mtumba ikiuzwa pamoja na iPad yenye programu hiyo ndani, na betri zikiwa bado na uhai, asiidharau, kwa kuwa droni hiyo huhifadhi njia ndani yake na kamera yake haipindi picha.

Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizi, ijaribu ukiwa umezima data ya simu. Hifadhi ramani ya eneo nyumbani, zima mtandao, kisha uone kama eneo bado linaonekana na kama safari uliyoipanga inafunguka. Ikatishe safari katikati makusudi, badilisha betri, na uone kama inaendelea pale ilipoishia au inaanza upya. Kwa mpango wa mita 80 uliotajwa hapo juu, betri moja hutosha ekari 60 hivi, kwa hiyo shamba lolote la maana litakulazimu kubadilisha. Ingiza mpaka wa KML wa kiwanja unachokifahamu. Hapa wapima ardhi wa Kenya na Tanzania wawe waangalifu mno: faili la KML hutumia mfumo wa kuratibu wa WGS84, ilhali ramani nyingi za zamani za ofisi za ardhi ziko katika mfumo mwingine, Arc 1960, na kuratibu zikiingizwa bila kubadilishwa, mpaka husogea takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Droni itaruka vizuri, italeta picha safi, na zitakuwa za shamba la jirani. Mpaka ukikaa juu ya kiwanja chenyewe kwenye kioo cha simu, lipa leseni, kisha upeleke mpango huo huo, wenye urefu na mipaka yake, kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, pamoja na maombi ya kibali.