Soprano au alto?

Mpwa wangu hapa Moshi anapiga tarumbeta kanisani. Sasa anataka saksofoni, na moyo wake uko kwa soprano, ile ndogo ya sauti ya juu. Namwelewa: ile sauti ya Kenny G, mpiga soprano wa Marekani, ndiyo inayowaingiza maharusi ukumbini kila Jumamosi. Tena soprano ni ya ufunguo wa B flati kama tarumbeta yake, kwa hiyo nota anazosoma ni zilezile. Alto, saksofoni kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi, ni ya E flati. Hapo itabidi ahamishe nota.

Hata hivyo, mimi ningemnunulia alto. Kipande cha kupulizia cha soprano ni kidogo mno: ukilegeza midomo kidogo tu sauti inashuka, ukibana inapanda, na kwaya nzima inageuka kukutazama. Alto haina makuu hivyo. Siku niliyoazima soprano, dakika kumi hazijaisha mashavu yanawaka, kidole gumba cha kulia kinachobeba chombo kimekufa ganzi. Alto unaitundika shingoni kwa mkanda, basi.

Kusikiliza ni habari nyingine. Hapo niwekee soprano ya mwanajazi Sidney Bechet, au ya John Coltrane, mwanajazi wa saksofoni ya tenor aliyeirekodi soprano mwaka 1960. Alto namwachia Charlie Parker, naye wa jazi, asubuhi, kabla mtaa haujaamka.