Uzoefu Wangu: Visiwa vya Ugiriki kwa Pointi za Kadi na Maili za Flying Blue

Hukumu yangu ni hii: pointi zikufikishe Athens na kukurudisha nyumbani. Kutoka Athens kwenda kisiwani, toa pesa mfukoni. Nimepiga hesabu hii kwa miezi tofauti na visiwa tofauti, na kila mara jibu ni lilelile. Ndege ya masafa marefu inazipa pointi thamani, na chumba cha Santorini mwezi Julai kinazimeza bila kurudisha chochote cha maana.

Ninayoyaandika yanamfaa zaidi Mswahili anayeishi Marekani mwenye kadi ya krediti inayotoa pointi za kuhamishika, yaani Chase, American Express, Citi, Capital One au Bilt. Benki zote hizo zinahamishia pointi Flying Blue, programu ya maili ya Air France na KLM, na kwa kadi zao nyingi pointi 1,000 zinazaa maili 1,000. Walio Nairobi na Dar es Salaam nimewawekea maneno yao huko chini.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu mtu anafurahia tiketi ya "bure" iliyomgharimu kuliko nauli ya kawaida. Chukua nauli ya taslimu, toa kodi na tozo ambazo utazilipa hata ukitumia maili, halafu gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme nauli ya kwenda tu kutoka New York hadi Athens ni dola 650, na tiketi ya maili inataka maili 25,000 pamoja na dola 110. Inabaki dola 540, na kila maili imekupa senti 2.16. Sasa tuseme chumba Oia, kijiji cha Santorini, kinauzwa dola 700 au pointi 100,000 za hoteli. Hapo kila pointi imekupa senti 0.7. Ukikumbuka kwamba pointi za Chase unaweza kuzibadilisha kuwa pesa kwa senti moja moja, kuzihamishia kwenye hoteli ya namna hiyo ni kununua chumba kwa bei ya juu kuliko ile uliyoikataa.

Flying Blue ninaipa alama za juu kwa sababu tatu. Tangu Januari 2025 bei ya kuanzia kati ya Marekani na Ulaya ni maili 25,000 daraja la kawaida na 60,000 daraja la biashara, kwenda tu. Athens ni mwendo wa saa tatu na zaidi kutoka Paris, lakini siku nyingi unaipata kwa maili zilezile ambazo zingekuishia Paris. Pili, mtoto wa miaka 2 hadi 11 anapunguziwa robo ya maili, na kwa familia ya watu watano hilo si jambo dogo. Tatu, unaweza kushukia Paris au Amsterdam, ukakaa siku kadhaa, kisha ukaendelea na safari bila kuongezewa maili. Kila mwezi pia hutolewa punguzo kwa baadhi ya miji, na inafaa kuliangalia kabla ya kugusa kitu.

Ubaya wake ni kwamba hiyo 25,000 ni bei ya kuanzia tu. Bei inapanda na kushuka kulingana na mahitaji, na wiki ya mwisho ya Juni inaweza kuwa mara mbili au tatu ya bei ya Mei. Tozo za daraja la biashara nazo ni nzito kuliko za daraja la kawaida, kwa hiyo zisome hadi ukurasa wa mwisho wa malipo kabla ya kusema umepata. Mimi hutafuta kwa kalenda ya mwezi mzima, nikianza na Jumanne na Jumatano, na kila upande naukata peke yake badala ya kwenda na kurudi pamoja. Upande mmoja ukipanda bei, mwingine hauburuzwi nao.

Utaratibu haubadiliki: tafuta kiti kwanza, hamisha pointi baadaye. Fungua akaunti ya Flying Blue mapema, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti na kwenye kadi. Wengi wetu tuna majina matatu, benki imeandika mawili, pasipoti ina yote, na uhamisho unakwama hapo. Kiti kikionekana, fika hadi ukurasa wa malipo uone idadi kamili ya maili na tozo, ndipo urudi benki uhamishe. Uhamisho mara nyingi hufanywa kwa mafungu ya 1,000, na kwa Flying Blue maili kwa kawaida huingia ndani ya dakika chache. Ukishabonyeza, hazirudi tena benki. Mwenye kuhamisha pointi 100,000 "ziwe tayari" kabla ya kuona kiti amejifunga kwenye kampuni moja, na siku bei ikipanda hana pa kukimbilia.

Na kama salio la kadi hulilipi lote kila mwezi, acha habari ya pointi. Riba ya miezi miwili inatosha kuila safari nzima.

Kuna njia moja inayoishinda Flying Blue: pale unapotaka tiketi moja ikufikishe hadi kisiwani. Aegean, ndege ya Wagiriki, imo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2010, na maili za Aeroplan za Air Canada zinaweza kukata Chicago hadi Santorini kwa tiketi moja, kipande cha mwisho kikiwa cha Aegean. Faida yake ni ulinzi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine, na mizigo inapitilizwa hadi mwisho. Aeroplan pia hukuruhusu kushukia njiani kwa pointi 5,000 za ziada upande mmoja, kwa hiyo unaweza kulala Athens siku tatu ukaone Acropolis, magofu ya kale yaliyo kilimani, kisha ukaendelea Santorini kwa tiketi hiyohiyo. Kwa anayesafiri na wazazi wazee, ningechagua hii hata kama maili zinazidi kidogo.

Sasa meli, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Ukishuka Athens, bandari kuu ni Piraeus. Laini ya tatu ya metro inatoka uwanja wa ndege hadi Piraeus moja kwa moja tangu Oktoba 2022, kwa karibu saa nzima na euro 9. Meli za asubuhi za kwenda Paros, Naxos na Santorini huondoka mapema, nyingine kati ya saa moja na saa moja na nusu, na treni za kwanza kutoka uwanjani hazikuwahishi. Basi la X96 linatembea usiku kucha, lakini ningelala usiku wa kwanza Piraeus au mjini Athens kuliko kukimbizana na meli baada ya usiku mzima hewani. Bandari ni kubwa, milango yake ina namba kuanzia E1 hadi E12, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine unaweza kutembea zaidi ya robo saa na masanduku. Soma namba kwenye tiketi kabla hujashuka kwenye treni. Anayekwenda Mykonos, Tinos au Andros aangalie pia bandari ya Rafina, ambayo iko karibu zaidi na uwanja wa ndege.

Meli kubwa ya kawaida huchukua takriban saa nane hadi Santorini, na za mwendo kasi karibu saa tano kwa nauli ya juu zaidi. Nachagua kubwa. Sababu ni upepo. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini uitwao meltemi, unaovuma siku kadhaa mfululizo jua likiwa kali na mbingu bila wingu. Aliyewahi kuvuka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi kali anajua boti ndogo ya mwendo kasi inavyorukaruka, na hali ni hiyohiyo. Boti za kasi ndizo huzuiwa kwanza, na upepo ukifika daraja la 8 la Beaufort, kipimo cha nguvu ya upepo, meli nyingi kubwa nazo hukaa bandarini. Ukizuiwa, nauli ya meli unarudishiwa au unahamishiwa siku nyingine. Ndege yako ya maili haitakusubiri, kwa kuwa ni tiketi nyingine kabisa.

Kwa hiyo usiku wa mwisho lala Athens. Kisiwa cha mbali kiwe cha mwanzo au cha katikati, cha karibu kiwe cha mwisho: Santorini kwanza, kisha Naxos, kisha Paros, halafu Piraeus. Ukiwa na siku kumi, visiwa viwili vinatosha, maana kila kuhama kunakula nusu siku.

Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na mahujaji humiminika Tinos kutoka Ugiriki nzima. Siku chache kabla na baada yake, meli za Cyclades, kundi la visiwa lenye Santorini, Mykonos, Naxos na Paros, hujaa na vyumba hupanda bei. Majira bora kwa pointi na kwa mwili ni katikati ya Mei hadi mwanzo wa Juni, au nusu ya pili ya Septemba, bahari ikiwa bado na joto la kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi za Santorini na Mykonos hufungwa, na meli hupungua. Wa msimu huo aende Chania kule Krete, au Syros, ambako watu wanaishi mwaka mzima na mikahawa haifungwi.

Pointi za hoteli nazitumia mahali pamoja: usiku wa Athens. Grand Hyatt iko huko, pointi za Chase zinahamia World of Hyatt, programu ya pointi ya hoteli za Hyatt, moja kwa moja, na usiku wa pointi Hyatt hawatozi ada ya mapumziko, ile ambayo baadhi ya hoteli huongeza juu ya bei ya chumba. Ila serikali ya Ugiriki ina ushuru wa mazingira unaolipwa hotelini, na pointi haziugusi: kuanzia Aprili hadi Oktoba ni euro 15 kwa chumba kwa usiku katika hoteli ya nyota tano, 10 nyota nne, 5 nyota tatu, na 2 kwa zilizo chini yake. Usiku saba nyota tano ni euro 105 za kutoa mfukoni. Kwenye visiwa, nyumba za kupanga za wenyeji Naxos na Paros ni safi na bei zake zinavumilika. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dola au euro, chagua euro, maana kiwango cha dola kinachopigwa papo hapo huwa kibaya.

Upande wa viza, wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki na Ufaransa zikiwemo, hata kama wana kadi ya kijani ya Marekani. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ya mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, na usiku zikilingana, kwa nchi unayoingia kwanza. Hapa ule ukarimu wa Flying Blue wa kushukia njiani unaweza kukutega: usiku tano Paris na tano Ugiriki, ukiingilia Paris, ombi lako ni la Ufaransa. Usiku mbili Paris na nane visiwani, ni la Ugiriki. Panga usiku kabla ya kukata tiketi. Chumba cha pointi kinasaidia pia hapa, kwa kuwa hoteli nyingi za pointi hukuruhusu kufuta bila adhabu hadi siku chache kabla, hivyo unaonyesha ubalozi nafasi ya kweli bila kufungia pesa. Tiketi za maili nazo hufutika, ila kwa ada, kwa hiyo soma masharti yake siku unapokata.

Walio Afrika Mashariki hawana pointi za benki nyingi za kuhamisha, lakini Flying Blue inawafaa kwa njia nyingine: KLM inatua Nairobi na Dar es Salaam, Air France inatua Nairobi, na Kenya Airways imo pamoja nao katika SkyTeam, muungano mwingine wa mashirika ya ndege. Safari za kikazi za mwaka mzima ukizirekodi kwenye akaunti moja, zinajikusanya. Walinganishe na Qatar Airways, ambayo maili zake huitwa Avios. Avios zinahama kati ya Qatar, British Airways, Iberia na Finnair, na kupitia Doha unafika Athens bila kupanda juu hadi Paris kisha kurudi chini. Kwa anayetoka Dar, Zanzibar au Kilimanjaro, njia ya Doha ndiyo ningeipigia hesabu kwanza. Tofauti ya kivitendo ni hii: ukipitia Paris au Amsterdam, uhamiaji wa Schengen unakutana nao hukohuko, si Athens, kwa hiyo acha angalau saa mbili na nusu kati ya ndege na ndege, na karatasi za hoteli na bima ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Ukipitia Doha, foleni hiyo utaikuta Athens, ukiwa umeshamaliza kubadilisha ndege.